Miaka sita ndani ya PubMed: maoni ya mama asiye daktari

Mimi ni mfasiri. Kazi yangu ni kukaa na maneno ya watu mpaka yakubali kusema kwa lugha yangu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu huduma ninayoitolea maoni hapa ilitengenezwa kwa ajili ya madaktari na watafiti, nami si mmoja wao. Biolojia niliiacha sekondari. Niliifungua PubMed kwa mara ya kwanza katikati ya mwaka 2019, saa nane za usiku, wiki tatu baada ya binti yangu Neema, wakati huo ana miaka 9, kukutwa na kisukari cha aina ya kwanza. Nilikuwa nimeamka kumpima sukari, na usingizi haukurudi.

Nilikuwa na maswali mawili. La kwanza: kwa nini kinga ya mwili wake, iliyomlinda na mafua miaka yote ile, imegeuka ikaua seli zake zinazotengeneza insulini? La pili lilikuwa zito zaidi, na sikulitamka mbele ya mtu: je, mdogo wake Baraka, aliyekuwa na miaka 5, yuko kwenye njia hiyo hiyo?

Kwa asiyeijua, PubMed ni faharasa ya maandishi ya utafiti wa tiba na biolojia. Inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani iliyoko Bethesda, Maryland, ambayo ni sehemu ya Taasisi za Taifa za Afya, zile zinazojulikana kwa herufi NIH. Fedha ni za walipa kodi wa nchi hiyo, lakini mlango uko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, popote alipo. Kutafuta na kusoma hakuhitaji kujisajili. Ilifunguliwa bure kwa umma Juni 1997. Leo ina kumbukumbu zaidi ya milioni 37. Nyingi zinakupa kichwa cha makala, majina ya waandishi, jarida, mwaka na ikisiri, yaani muhtasari wa makala. Makala kamili nyingi za bure zinakaa kwa ndugu yake, PubMed Central, iliyoanza mwaka 2000. Watu huzichanganya hizi mbili, na ndiyo maana wengi hukata tamaa siku ya kwanza: wanadhani wamekaribishwa sebuleni, kumbe wamepewa orodha ya vyumba.

Usiku ule niliandika sentensi nzima kwenye kisanduku cha kutafutia, kama mtu anayemuuliza jirani. Nikaletewa maelfu ya makala. Nilifungua ya kwanza sikuelewa, nikafungua ya pili, ya kumi, na alfajiri ilinikuta na kurasa nyingi zilizo wazi na kichwa kinachouma. Huduma hii haimshiki mgeni mkono. Anayeanza kabisa ningempeleka kwanza MedlinePlus, tovuti ya maktaba hiyo hiyo iliyoandikwa kwa lugha nyepesi, akapate misingi kisha arudi.

Kilichoniokoa ni vichujio vilivyo kando ya matokeo. Kipo cha makala ya mapitio, yaani zile ambazo mtaalamu hukusanya tafiti nyingi, akazipanga, akaeleza elimu imefika wapi. Hapo ndipo mtu kama mimi anapoanzia kupanda. Vipo vya majaribio ya tiba, vya tafiti za binadamu, na vya makala kamili za bure. Nikajifunza pia kwamba viunganishi AND, OR na NOT huandikwa kwa herufi kubwa, na kwamba maneno yanayokwenda pamoja hufungwa kwa alama za kunukuu. Ni mambo madogo, lakini bila hayo unatafuta sindano baharini.

Kitu nilichokipenda hasa, pengine kwa sababu ya kazi yangu, ni MeSH, msamiati uliopangwa wa kuainisha makala, ulioanza mwaka 1960. Watafiti hawakubaliani majina. Ugonjwa wa Neema umewahi kuitwa kisukari cha utotoni, kisukari kinachotegemea insulini, na sasa kisukari cha aina ya kwanza. Ukitafuta kwa jina moja utakosa maandishi ya waliotumia jina jingine. MeSH imeyafunga majina yote hayo chini ya kichwa kimoja cha mada, kwa hiyo unaletewa ya zamani na ya juzi kwa pamoja. Nimeishi na kamusi maisha yangu yote na sijaona orodha ya visawe iliyofumwa kwa uangalifu namna hii. Na imepangwa kama mti: unaanza na chembe nyeupe za damu, unashuka kwenye limfosaiti, unafika kwenye seli T, kisha aina zake moja baada ya nyingine, zinazoua, zinazosaidia, zinazodhibiti. Mfumo wa kinga niliujifunza kwa kuupanda mti huo tawi kwa tawi, na daftari pembeni nikitafuta kila neno lingeitwaje kwa Kiswahili.

Mwezi wa pili nilifanya kosa ambalo sijalisahau. Nilichapisha ikisiri iliyosema kwamba kisukari kilirudi nyuma baada ya matibabu ya siku tano. Siku tano! Niliipigia mistari kwa kalamu nyekundu nikaipeleka kliniki kama mtu aliyebeba barua ya msamaha. Daktari wa Neema aliisoma mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaweka kidole juu ya herufi tatu: NOD.

"Mama Neema," alisema kwa upole, "hawa ni panya."

NOD ni aina ya panya walioripotiwa Japani mwaka 1980, ambao hupata kisukari wenyewe kwa sababu kinga yao hushambulia kongosho. Ikisiri niliyobeba ilikuwa ya mwaka 1994, kazi ya Lucienne Chatenoud, Jean-François Bach na wenzao huko Paris. Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Lakini kabla sijatoka chumbani daktari aliongeza jambo, na kwa jambo hilo nitamshukuru siku zote: "Usiitupe. Tafuta kilichofuata."

Nami nikatafuta. PubMed, chini ya kila kumbukumbu, inakuonyesha makala zinazofanana na hiyo, na zile zilizokuja baadaye zikaitaja. Hii ya pili ndiyo sehemu bora ya huduma nzima. Injini za kawaida za kutafutia zinakupa ukurasa. Hii inakupa ukoo. Kutoka kwa panya wa 1994 niliweza kusonga mbele mwaka hadi mwaka nikaona wazo likihama kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu, likikwama, likiinuka.

Nieleze wazo lenyewe, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Seli T ni chembe nyeupe zinazokomaa kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Herufi T inatoka hapo. Kila seli T ina kipokezi juu ya ngozi yake, na kipokezi hicho kinafanya kazi pamoja na kundi la protini liitwalo CD3. Kipokezi kikitambua kitu, CD3 ndiyo inayopeleka habari ndani ya seli, kama waya unaounganisha kitufe cha mlangoni na kengele. Katika kisukari cha aina ya kwanza, baadhi ya seli T hupotoka zikaiona seli ya beta ya kongosho, ile inayotengeneza insulini, kama adui. Zile zinazoua, ziitwazo CD8, huingia kwenye visiwa vya Langerhans, vikundi vya seli ndani ya kongosho, na kumaliza seli za beta polepole, kwa miezi au miaka, mtoto akiendelea kucheza kama kawaida. Kiu na kukojoa mara kwa mara huja mwishoni kabisa. Nilipoelewa hivyo nilikaa kimya muda mrefu. Neema hakuugua wiki ile tuliyomkimbiza hospitali. Alikuwa anaugua tangu zamani, na hakuna mama ambaye angeweza kuliona hilo kwa macho.

Lakini kwenye damu linaonekana. Kabla ya dalili huwamo kingamwili, protini ambazo kinga hutengeneza ili zishike kitu inachokiona kigeni, dhidi ya insulini yenyewe au dhidi ya protini nyingine za seli za beta, kama GAD65, IA-2 na ZnT8. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia watoto waliozaliwa na kupimwa tangu wachanga, ulionyesha kwamba watoto wenye aina mbili au zaidi za kingamwili hizo, karibu 70 kati ya 100 walipata kisukari ndani ya miaka 10. Swali langu la usiku lilikuwa limepata mwili: halikuwa tena hofu isiyo na umbo, lilikuwa kipimo cha damu. Baraka alipimwa. Anaendelea kupimwa. Mpaka sasa kingamwili hizo hazijaonekana.

Turudi kwenye uzi. Mwaka 2002 Kevan Herold na wenzake walichapisha jaribio la watu 24 waliokuwa wamegunduliwa karibuni. Kumi na wawili walipewa kwa siku 14 kingamwili ya kutengenezwa inayoshika CD3, iliyorekebishwa isilete madhara makali. Kumi na wawili hawakupewa. Baada ya mwaka, 9 kati ya 12 waliotibiwa walikuwa bado wanatengeneza insulini kama mwanzo au zaidi. Kwa wasiotibiwa ni 2. Nambari ndogo, lakini hawa walikuwa watu.

Kisha mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya jaribio kubwa zaidi la dawa hiyo, ambayo sasa ilikuwa na jina, teplizumabu. Halikufikia kipimo lililojiwekea. Nakumbuka nilivyosoma ikisiri hiyo huku nikijua kwamba mbele yake kuna kitu, maana PubMed ilikuwa imeshanionyesha upande wa kushoto grafu ya miaka na makala za 2019, lakini bado moyo uliniuma. Nadhani hapa ndipo fedha za umma zinapoonyesha thamani yake. Biashara ikiona lengo limekosekana ina sababu zote za kufunga daftari. Mtandao wa TrialNet, unaogharamiwa na NIH, ulikuwa unafuata swali tofauti: vipi tukiitoa dawa mapema, kabla ugonjwa haujadhihirika, kwa ndugu wa wagonjwa ambao damu yao tayari ina kingamwili na sukari yao imeanza kuyumba? Uliendelea kuwatafuta watu hao mmoja mmoja, kwa miaka.

Waliwapata 76. Wengi wao, 55, walikuwa na umri wa miaka 18 au chini. Arobaini na wanne walipata teplizumabu kwa siku 14 mfululizo, 32 walipata dripu isiyo na dawa ndani, na mgawanyo ulikuwa wa kura. Makala ilitoka Juni 2019, wiki zile zile nilizokuwa nalia jikoni. Katika kundi la dawa nusu ya watu walivuka miezi 48.4 kabla ya kugunduliwa. Kundi la pili, miezi 24.4. Kisukari kiligunduliwa kwa watu 19 kati ya 44 upande mmoja, na 23 kati ya 32 upande mwingine. Madhara waliyoyataja ni vipele na kupungua kwa limfosaiti kwa muda. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2021 ulirefusha pengo: miezi 59.6 dhidi ya 27.1.

Nimeziandika nambari hizi zote kwa makusudi. Habari nilizokuwa nazisoma mahali pengine zilisema "dawa ya kuzuia kisukari yapatikana", na mzazi anayesoma hivyo anaelewa kuzuia kabisa. Makala yenyewe haisemi hivyo. Inasema kuchelewesha, inasema kwa nani, inasema kwa watu wangapi, na inasema wazi kwamba watu wa kundi la dawa nao waliugua. Tofauti kati ya maneno hayo mawili, kuzuia na kuchelewesha, ndiyo kazi yangu ya kila siku, na nilifurahi kukuta mahali ambapo mwandishi amelazimika kuchagua neno sahihi. Miaka miwili au mitatu bila sindano si kitu kidogo. Ni mtoto wa miaka 8 kufika 11 akiwa na akili ya kuielewa sindano hiyo. Novemba 2022 dawa iliidhinishwa Marekani kwa walio na miaka 8 na kuendelea. Baraka alikuwa ametimiza miaka 8 mwaka huo. Hajaihitaji, lakini nililala vizuri usiku ule.

Uzi huo huo niliuvuta pia kwa nyuma, kwa kufuata marejeo ya kila makala. Kingamwili ya kwanza ya kushika CD3 ya binadamu, OKT3, iliripotiwa mwaka 1979, na mwaka 1986 ikawa dawa ya kwanza ya aina yake kuidhinishwa Marekani, kwa ajili ya kuokoa figo zilizopandikizwa zisikataliwe na mwili. Nyuma yake kabisa kuna makala fupi ya mwaka 1975, ya Georges Köhler na César Milstein, kutoka maabara ya Cambridge iliyo chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, fedha za umma tena. Waliunganisha seli B ya panya, chembe nyeupe inayotengeneza kingamwili, na seli ya saratani, wakapata seli isiyokufa inayomwaga kingamwili ya aina moja tu bila kukoma. Njia hiyo haikuwekewa hataza. Walipewa Nobeli mwaka 1984. Kutoka makala ile hadi idhini ya 2022 ni miaka 47. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili, kisha nikahesabu tena.

Sehemu nyingine ambayo watu huipita bila kuitazama ni orodha ya ruzuku mwishoni mwa kumbukumbu. Makala ikigharamiwa na NIH, utaona namba za ruzuku, na ndani ya namba kuna herufi mbili zinazotaja taasisi: DK ni taasisi ya kisukari, mfumo wa chakula na figo, AI ni ile ya mzio na magonjwa ya kuambukiza, ambayo ndiyo yenye tafiti nyingi za seli za kinga. Chukua namba hiyo uipeleke RePORTER, tovuti nyingine ya NIH, utaonyeshwa mradi, mtafiti mkuu, chuo chake, na fedha zilizotolewa kila mwaka. Nimezoea kuanza hapo sasa, kabla hata ya kusoma matokeo. Sina maana kwamba utafiti wa kampuni ni mbaya. Nataka tu kujua aliyelipa, na ni haki yangu kujua. Makala yenye tamko la maslahi ya waandishi huwa inaonyesha tamko hilo hapo hapo chini ya ikisiri, na nalo nalisoma neno kwa neno.

Sasa kasoro, maana zipo na zinaumiza.

Kubwa kuliko zote ni kufuli. PubMed inakuonyesha ikisiri, unabonyeza kiungo kwenda kwenye jarida, na jarida linadai malipo. Si kosa la PubMed. Yenyewe ni faharasa. Lakini mtu aliye macho usiku hatofautishi. Niliwahi kukwama nje ya makala moja iliyogharamiwa kwa ruzuku ya umma tangu mwanzo hadi mwisho, ya namna mtoto mwenye kisukari anavyoitikia maambukizi, na jarida, sitalitaja, lilitaka kiasi ambacho nisingeweza kukitoa kwa kurasa nane. Nilimwandikia mwandishi mkuu, naye alinitumia nakala siku iliyofuata, pamoja na salamu kwa Neema. Wengi hawajui kwamba hilo linawezekana. Andika, watafiti wengi hufurahi kusomwa. Hata hivyo mgonjwa hapaswi kuomba kwa mtu kile ambacho umma umeshakilipia. Kuanzia mwaka 2008 sheria ya Marekani ilitaka makala zilizogharamiwa na NIH ziwekwe PubMed Central ndani ya miezi 12. Miezi 12 ni mirefu mno kwa anayesubiri. Kwa hiyo nimeshangilia kwa moyo wote sera mpya: makala zilizokubaliwa kuchapishwa kuanzia Julai 1, 2025 zinatakiwa kuwa wazi siku ile ile zinapotoka jaridani. Hili ndilo badiliko bora kuliko yote niliyoyaona ndani ya miaka yangu sita hapa.

Kasoro ya pili ni lugha. Karibu kila kitu ni Kiingereza, kuanzia vitufe hadi ikisiri, na Kiingereza chenyewe ni kile cha watu wanaozungumza wao kwa wao. Mama anayejua Kiswahili peke yake hana njia ya kuingia. Daftari langu limekuwa kamusi ndogo ninayowagawia wazazi wengine wa kliniki: kongosho, seli ya beta, kingamwili, kingamwili nafsi, ustahimilivu wa kinga. Baadhi ya maneno niliyaunda mwenyewe na sina hakika yatadumu. Nayaandika hata hivyo, kwa sababu mzazi akipata jina la kitu hupata pia namna ya kukiulizia.

La tatu ni onyo zaidi ya kasoro. Makala kuwamo PubMed si muhuri kwamba ni ya kweli. Humo mna kazi nzuri, kazi dhaifu, na kazi zilizobatilishwa. Tena hizo zilizobatilishwa hazifichwi, na nadhani ni sawa. Makala ya jarida la Lancet ya mwaka 1998 ya Andrew Wakefield, iliyotia watu hofu kuhusu chanjo ya surua, bado unaipata humo, ila ina tangazo juu kabisa kwamba ilibatilishwa mwaka 2010. Nimewahi kuifungua mbele ya ndugu yangu aliyekuwa anasita kuwachanja wanawe. Sikumhubiria. Nilimwonyesha tangazo lile akasoma mwenyewe.

Mambo mengine nayapita haraka. Muonekano wa sasa ni safi na unafanya kazi vizuri kwenye simu. Mpangilio wa "zinazofaa zaidi" ni mzuri kwa mgeni, lakini anayefuatilia ugonjwa mmoja kwa miaka abadilishe upange kwa tarehe. Na fungueni akaunti ya bure ya My NCBI, hata kama kutafuta hakuihitaji, kwa sababu ndiyo inayowezesha kuhifadhi utafutaji na kuletewa mapya kwa barua pepe.

Mimi nimeuhifadhi mmoja, unaounganisha kisukari cha aina ya kwanza, seli T na majaribio kwa binadamu, na barua yake inakuja kila Jumamosi asubuhi. Wiki nyingine ina makala mbili, nyingine kumi na tano. Nazisoma na chai.

Oktoba 2025 Nobeli ya tiba ilipotangazwa kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi, Neema, ambaye sasa ana miaka 15, aliniuliza hizo seli T dhibiti ni nini. Nilitaka kumweleza, kisha nikamsogezea kompyuta. Alianza na Sakaguchi wa 1995, aliyeonyesha kwamba kuna seli T ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake, na zikiondolewa panya anaanza kujishambulia. Akafika kwenye panya dume wenye ngozi ya magamba waliotokea miaka ya 1940 katika maabara ya serikali huko Oak Ridge, Tennessee, walikokuwa wakichunguza athari za mionzi. Panya hao walikufa ndani ya wiki chache, na ukoo wao ukaendelea kutunzwa bila mtu kujua kasoro iko wapi. Brunkow na Ramsdell waliipata mwaka 2001, jeni iitwayo Foxp3. Hao wawili, nilimwambia, walikuwa wanafanya kazi kwenye kampuni binafsi wakati huo, kwa hiyo sifa hii si ya umma peke yake. Aliitikia kwa kichwa bila kunitazama. Alikuwa ameshafungua ikisiri kuhusu wavulana wanaozaliwa na kasoro katika jeni hiyo hiyo.

"Mama," alisema, "hawa wanapata kisukari cha kwetu wakiwa wachanga kabisa. Sasa je, seli zangu dhibiti mimi zikoje? Zipo chache, au zipo lakini hazifanyi kazi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwonyesha kichujio cha mapitio kilipo, na namna ya kufungua akaunti yake. Jumamosi hizi tunapokea barua mbili, na yake huwa ndefu kuliko yangu kwa sababu alikataa kuchuja panya.